Kompresa ya Mkwe Wangu

Jumapili, 19 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Imeanza tukiwa kanisani, ikapiga bati mpaka mchungaji akakatisha mahubiri, jambo ambalo sikulilalamikia.

Miaka yote niliyoangalia boila ya kiwanda cha chai kule Mufindi, kila zamu niliandika: maji, moto, geji, hali ya hewa. Nimestaafu, nimerudi kwangu Mbalizi, boila sina, lakini mkono haujui kuwa umestaafu. Mke wangu, Mama Asukile, ameninunulia daftari. Anasema bora niandike kuliko kumfuata jikoni kumkagulia sufuria.

Haya. Moto: mafiga matatu. Geji: hakuna. Hali ya hewa: matope.

Jumatano, 22 Novemba

Mkwe ameingiza dude uwanjani.

Mwanangu Asukile anaendesha lori, Dar hadi Kongo, na nyumbani tunamwona kwa nadra. Mke wake, Tumpe, ndiye anayeshika banda la kuziba pancha hapo mbele ya nyumba yetu, kando ya barabara kuu. Ufundi huo alisomea chuo, sikatai. Siku zote alikuwa akitegemea kompresa ya watu. Sasa ameunda ya kwake kwa vyuma chakavu. Nimeisikia ikiburuzwa tangu asubuhi na sikuweza kutoka kuiangalia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwepo.

Nieleze, ingawa sijui namweleza nani. Sisi ni Wanyakyusa, na kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso. Mimi nikikaribia nakohoa, yeye anapita nyuma ya nyumba, au akikosa njia anageukia ukutani na kujifunika kanga. Hatusalimiani wala hatuitani majina. Si chuki, ni heshima yenyewe. Wengi siku hizi wameacha, wapo wanaokula meza moja na wakwe zao wakichekeana kama mashemeji. Kwetu bado, kwa sababu mama yangu alishika, na mke wangu ameshika kuliko mama yangu. Uso wa Tumpe niliuona siku ya harusi, na hata siku hiyo alikuwa ameuinamisha.

Kwa hiyo maneno yote kati yangu na yeye hupitia kwa Mama Asukile, na lile dude nitaliona atakapotoka.

Ijumaa, 24 Novemba

Ameenda sokoni. Nimeikagua.

Kila kiungo cha mashine hii kilishakufa mara moja mahali pengine. Mtungi ni wa breki za lori lililopinduka mteremkoni. Kichwa kinachosukuma upepo kimetolewa kwenye injini ya lori jingine. Mota ni ya mashine ya kusaga iliyofilisika pamoja na mwenyewe. Magurudumu ni ya toroli. Geji sijui imetoka wapi, lakini kioo chake kina ufa.

Nilitafuta kosa kwa hamu kubwa, niseme ukweli. Nilichukua nyundo ndogo nikaugonga mtungi pole pole, kuanzia kichwani hadi tumboni, nikisikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele, chuma kilichooza kinaguna. Huu ulilia. Nikapitisha kidole kwenye maungio ya kuchomelea: membamba, yamelingana, hayana tundu. Kiwandani nilikuwa na vijana wa cheti waliochomelea kama watu wanaopaka uji. Nikajikuta nimekasirika kwa kukosa cha kusema.

Kisha nikakiona. Hakuna valvu ya usalama. Upepo ukizidi hauna pa kutokea. Mashine yenyewe haijizimi, ni mpaka mtu akumbuke kuizima.

Nikamwambia mke wangu: "Kamwambie lile ni bomu."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akaenda, akarudi na asante ya Kinyakyusa. "Anasema ndaga, Taata. Anaomba umwonyeshe pa kurekebisha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikabaki nimeshika nyundo.

Jumamosi, 2 Desemba

Tumeupima mtungi kwa maji. Unaujaza pomoni, unausukuma kwa pampu ya mkono hadi mshale upite pale utakapotakiwa kufika siku za kazi. Ukiwa mbovu unapasuka, lakini maji hayaui mtu, yanamwagika tu. Upepo ndio unaoua.

Mimi nilikaa upande huu wa ukuta wa mabanzi, mkwe upande ule akipampu, na Mama Asukile kasimama kwenye kona akipokea maneno na kuyarusha.

"Aongeze."

"Anasema uongeze."

"Mama, mwambie Taata nimeongeza, mshale umegota."

"Anasema umegota."

"Nimesikia! Sijafa masikio!"

"Anasema amesikia."

Jirani yetu Habibu, mwenye duka la spea, alitoka nje kucheka. Baba yake alitoka Tanga, na mambo yetu huwa anayatazama kama sinema. "Mzee Clement," akasema, "hata mahakamani sijaona mkalimani kama huyu." Lakini ndiye aliyechimbua kwenye makorokoro yake valvu ya usalama, kuukuu lakini nzima, akatupatia.

Mtungi haukuvuja hata tone. Valvu imefungwa. Tukajaribu kwa upepo: mshale ulipofika kwenye alama nyekundu, valvu ikapiga yowe, kuku wote wakakimbilia kwa Habibu. Kwaya iliyokuwa inafanya mazoezi kanisani ikanyamaza.

Nimependa ile sauti. Miaka mingi sijaisikia.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimekagua. Nimefungua koki ya chini kutoa maji, maana upepo wetu wa masika umejaa maji na yakilala ndani yanaleta kutu. Nikagonga, nikasikiliza. Nikachukua chaki anayotumia kuwekea alama matundu ya tairi, nikachora alama ya vema tumboni mwa mtungi, ili ajue nimepita na ni salama.

Jumamosi, 16 Desemba

Nimekuta msumari umepigwa kwenye nguzo, na nyundo yangu ndogo imeanikwa hapo, mpini umefungwa kitambaa. Chini yake stuli. Na chaki mpya juu ya stuli.

Nimekagua, nimeweka vema.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Asukile amefika, amekula, amelala. Mvua.

Jumamosi, 13 Januari

Nimezidi kumwelewa huyu binti kwa mashine yake. Hawezi kuacha grisi imwagike. Mkanda ukilegea anaukaza siku hiyo hiyo. Ukimwambia jambo mara moja, halirudiwi. Nimemwambia mke wangu kwamba Asukile kaoa juu ya kimo chake. Akasema, "Nilikwambia siku ya posa, ukasema mfupi."

Yowe limepigwa mara kadhaa leo, madereva wanaruka. Mama Asukile anakohoa. Namwambia ni ubaridi wa kufulia kwenye mvua.

Jumatano, 24 Januari

Kikohozi. Hataki hospitali.

Jumanne, 30 Januari

Amekubali hospitali. Wamemlaza, kifua kimejaa maji. Mkwe analala chini ya kitanda chake kule, mimi huku nyumbani nachemsha chai inayonuka moshi. Nikienda kumwona, nakohoa nje ya wodi, Tumpe anatoka kwa mlango mwingine. Wauguzi wanatushangaa.

Alhamisi, 8 Februari

Mama Asukile amefariki leo asubuhi.

Jumatatu, 12 Februari

Nimekaa ndani. Watu wamejaa nje, turubai limefungwa, mvua inapiga juu yake. Nisipoandika nitaanza kugonga kuta.

Tumemzika jana mchana. Kaburi lilijaa maji, vijana wakayatoa kwa ndoo, yakajaa tena, wakatoa tena. Mwisho mchungaji akasema tumshushe hivyo hivyo. Nikawaza ujinga: kwamba anachukia miguu kulowa. Maisha yetu yote aliniambia nivue viatu mlangoni, halafu mimi nimemlaza majini.

Leo kumetokea jambo. Basi la ndugu waliotoka Kyela lilifika na pancha. Banda lilikuwa limefungwa kwa heshima, lakini wageni wa msiba hawawezi kulala barabarani, na Asukile alikuwa ameenda kununua maharage, basi Tumpe akaenda kuwajazia. Sasa mzee wa kanisa alikuwa katikati ya sala, ametaja jina la marehemu, watu wameinama, mara valvu ikapiga yowe. Wanawake wawili walipiga kelele. Shangazi mmoja akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Ni nani huyo anayepuliza filimbi kwenye matanga ya mama mkwe wake?"

Kupitia dirisha niliona kanga yake ikikimbia nyuma ya nyumba. Mimi sikukasirika. Ningemtuma Mama Asukile amwambie sijakasirika.

Ijumaa, 16 Februari

Wageni wameondoka. Asukile naye ameitwa kazini, ameondoka analia kwenye usukani.

Banda limefunguliwa. Mashine inanguruma, haipigi yowe. Nadhani anajaza kidogo kidogo. Ana adabu.

Jumapili, 25 Februari

Sikwenda kanisani.

Alhamisi, 29 Februari

Nyumba hii sasa ina watu wawili wasiosemeshana. Chakula kinawekwa kwenye stuli nje ya mlango wangu, kimefunikwa. Nasikia kanga zake zikiondoka, natoka, nakula, narudisha sahani. Chumvi inazidi. Mama Asukile ndiye aliyekuwa akionja. Nani ataenda kumwambia?

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Ni siku ya ukaguzi. Nimevaa buti, nimefika mlangoni, nimevua buti.

Jumatatu, 18 Machi

Wali na maharage. Chumvi.

Jumatano, 27 Machi

Habibu amekuja kunisalimia na futari kwenye kibakuli. Aliketi kitandani pangu bila kukaribishwa.

"Mzee, ile mashine yako huikagui siku hizi? Mkwe wako kila Jumamosi anafagia pale, anaweka stuli, anaenda zake sokoni. Anarudi, anaangalia mtungi, anaingia ndani."

"Sina nguvu, Habibu."

"Ya kugonga chuma kwa kinyundo kile?"

Nikamwambia awahi swala. Futari yake ilikuwa na chumvi ya kadiri, nikaimaliza kwa hasira.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimetoka.

Sijui kwa nini leo. Jua lilitokeza kidogo asubuhi, nikasikia Tumpe akienda kwenye jumuiya, nikavaa buti na sikuyavua. Nyundo ilikuwa msumarini na stuli imefutwa vumbi.

Nilifungua koki kwanza. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya kiwandani, mengi. Nikagonga. Juu kengele. Pembeni kengele. Chini, pale maji yanapolala, paliguna.

Nikainua macho kuangalia valvu. Haipo. Mahali pake pana bolti, imekazwa.

Nimekasirika kama sijawahi kukasirika tangu nimzike mke wangu. Nilimwona anacheka moyoni mwake: mzee kalala, nani wa kuniuliza, nijaze upepo bila kelele. Kweli niliwaza hivyo. Niliongea peke yangu pale bandani kama kichaa. Nikajaribu kuizungusha ile bolti kwa vidole, haikugeuka. Sanduku la spana lina kufuli na ufunguo huwa anatembea nao.

Nikatoa kisu nikate mkanda, mashine isiweze kuzunguka. Nikashika mkanda. Halafu nikafikiri: mke wa mwanangu atakuja kukuta baba mkwe wake ameingia kwenye kazi yake, amekata. Kwetu hilo ni sawa na kumvua nguo hadharani. Nikarudisha kisu.

Nimempigia Asukile, hapatikani, yuko Kongo. Habibu amefunga duka, amekwenda Iringa kula Idi kwa dada yake kule Kihesa. Namba ya Tumpe sina, sijawahi kuwa nayo. Basi nikachukua chaki nikaandika tumboni mwa mtungi kwa herufi kubwa, nikikandamiza: USIWASHE.

Amerudi mchana kwenye mvua. Nimemsikia akifungua jiko, akikohoa kidogo. Kati yetu kuna ukuta wa tofali moja. Ningeweza kusema kwa sauti na angesikia. Nimekaa. Chaki inatosha, tumezoea hivyo. Habibu akirudi atamweleza yote.

Mvua imekuwa ya upepo sasa, inakuja ubavu ubavu.

Jumatano, 10 Aprili

Imepasuka.

Jumapili, 14 Aprili

Niandike yote, maana nikifumba macho ndiyo ninayoyaona.

Mvua ile ya upepo ilinyesha mpaka alfajiri. Banda halina ukuta upande wa barabara. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai nikasikia lori limesimama, dereva anaongea. Lilikuwa limebeba viazi, tairi la nyuma limelala. Nikasikia jeki. Kisha nikasikia mota.

Nikajiambia si ile. Ni jenereta ya Habibu. Nikakumbuka Habibu hayupo. Nikatoka na kandambili, nikakimbia kadiri ya magoti yangu. Mngurumo wake ulikuwa umeshakuwa mzito, vile mashine inavyolemewa upepo unapojaa, na naijua sauti hiyo kama ninavyojua sauti ya mke wangu. Valvu ilitakiwa ipige yowe hapo.

Nikafika kwenye kona ya banda. Nikasimama. Nikakohoa.

Nikakohoa, nikasubiri apate nafasi ya kupita nyuma. Watu wakiniuliza ilikuwaje, nawaambia kila kitu isipokuwa hilo. Nilisimama kwenye kona, mkono nimeuweka mdomoni, nikikohoa kwa adabu, na nadhani alinisikia, kwa sababu dereva anasema aliacha tairi akainuka, akageuka kutafuta pa kupita. Akapita mbele ya mtungi.

Mlio wake siwezi kuuandika. Bati liliruka hadi barabarani. Mimi nilianguka chali kwenye matope na sikuumia popote.

Nikaingia. Alikuwa amelala kando ya tairi. Nikapiga magoti, nikamshika kichwa, na hivyo ndivyo nilivyouona uso wa mkwe wangu. Siandiki ulivyokuwa. Mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa kifuani. Nilidhani anatafuta jeraha. Alikuwa anatafuta kanga ajifunike, kwa sababu alijua ni mimi.

Nikamfunika. Dereva akashusha jeki, tairi limelala vile vile, akamwaga nusu ya viazi barabarani ili tumlaze vizuri nyuma, tukaenda naye hospitali ya rufaa. Njia nzima nilimshika mkono.

Jumatano, 17 Aprili

Yuko hai. Macho, madaktari hawataki kusema.

Jumamosi, 20 Aprili

Ni Jumamosi. Nimekagua.

Nimekusanya vipande vyote nikavipanga bandani. Mtungi umechanika chini, pale palipoguna. Chuma kimeliwa na kutu hadi kikawa kama karatasi. Maji ya wiki zote nilizolala ndani yalikuwa yamekaa hapo. Kutoa maji ilikuwa kazi yangu. Hakuna aliyenipa, niliichukua mwenyewe, naye akaniachia kwa heshima, hakugusa tena koki ile.

Bolti iko mahali pake, haikutikisika. Imezungushiwa kitambaa cheusi chembamba, kimefungwa fundo nadhifu. Nimekitambua. Ni kipande cha kile tulichofungwa mkononi siku ya maziko.

Nikakaa kwenye stuli.

Asukile amefika jioni kutoka hospitali. Nikamwonyesha. Akageuza uso.

"Aliniambia kwenye simu, Baba. Baada ya yale maneno ya shangazi aliitoa valvu. Alisema haiwezi kupiga kelele wakati unamlilia Mama."

"Arobaini imepita zamani."

"Alisema ataendelea kusubiri mpaka utoke ndani. Alisema siku Taata atakapotoka, ndiyo matanga yameisha, atairudisha."

Alinipa ufunguo wa sanduku. Valvu ilikuwa juu ya spana zote, imepakwa mafuta, imefungwa kwenye kitambaa safi. Tayari kwa siku nitakayotoka. Nami nilitoka, nikamwona mwizi.

Nimelia mbele ya mwanangu. Kwa mke wangu sikulia hivyo.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua za mwisho mwisho. Hakuna cha kukagua.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua imekatika kabisa. Asubuhi ukungu na baridi, mchana jua.

Tumpe amerudi nyumbani juzi. Macho yote mawili yamekwisha. Asukile ameomba njia fupi za hapa hapa mkoani, atakuwa anarudi jioni. Mchana tumebaki wawili.

Leo nimetoka, nimefika kwenye kona ya banda, nikakohoa. Mazoea. Alikuwa ameketi kwenye stuli yangu, anaota jua. Akainuka haraka, akavuta kanga hadi kidevuni, akaanza kupapasa mabanzi atafute njia ya nyuma. Akajigonga kwenye rimu. Akasimama hapo hapo, amegeuzia uso ukutani, akisubiri nipite.

Sikuweza kupita.

"Tumpe," nikasema. "Usiende. Kaa."

Hakukaa. Tulisimama hivyo, malori mawili matatu yakapita barabarani. Kisha akasema, bado ameelekea ukutani, na sauti yake ilikuwa nene kuliko nilivyodhani:

"Taata, mtungi bado upo?"

"Upo."

"Naomba niushike."

Nikamshika mkono nikampeleka. Aliinama, akapitisha vidole kwenye mpasuko pole pole, mwanzo hadi mwisho, kama nilivyopitisha mimi changu kwenye maungio yake siku ya kwanza. Alipofika chini akasimama.

"Hapa kilikuwa chembamba."

"Kutu. Sikutoa maji."

"Na bolti?"

"Haikutoka. Uliikaza vizuri."

Akaguna. Vidole vyake vikapanda tumboni mwa mtungi, pale nilipokuwa nikichora.

"Asubuhi ile niliona weupe wa chaki hapa," akasema. "Mvua ilikuwa imeuosha, ulibaki ukungu tu. Nikajua ni vema yako. Nikasema, Taata ametoka, amekagua, leo nikimaliza tairi hili narudisha valvu. Nilifurahi sana. Nilidhani tangu Mama afe ulikuwa umenichoka."

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani sana kunyamaza.

"Nilipita," nikamwambia. "Lakini niliandika usiwashe."

Mkono wake ulibaki juu ya chuma. Nami nilisimama kando yake nikimtazama usoni, kwani hakuna tena aliyebaki wa kunikataza, na ni uso wa mtoto kabisa, una makovu, na nilikuwa sijui kuwa ana mwanya kama wa mke wangu.

"Ndaga, Taata," akasema mwisho. Kisha, baadaye kidogo: "Kuna jambo jingine nilikuwa sina wa kumtuma akuulize. Chumvi yangu. Ilikuwa inazidi?"

"Ilizidi," nikasema. "Kila siku ilizidi."